Matairi Mazito ya Baba

Mpira mpya una harufu yake, na mimi nikiisikia tu narudi kwetu Maisaka, kwenye stoo ya baba. Juzi nilikwenda kubadilisha matairi ya gari langu, na kijana wa dukani akawa ananishawishi nichukue rimu pana za chuma, eti gari litatulia barabarani. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hilo somo nililimaliza darasa la nne." Akacheka, akidhani namtania. Nyinyi nitawaeleza vizuri.

Baba alikuwa dereva wa lori. Nyumbani tulikuwa na gari dogo jeupe, lenye matairi membamba na rimu nyepesi, na matairi hayo yalimkera. Alisema gari lina miguu ya kuku. Siku moja akarudi kutoka Arusha na matairi manne mapana yenye rimu nene za chuma, yaliyotolewa kwenye gari kubwa kuliko letu. Akayafunga, akarudi nyuma hatua tano, akatazama. "Sasa hili ni gari," akasema. Imani yake ilikuwa kwamba kitu kizito hakiyumbi. Majirani wakaja kuyaona, na mimi nikawa nayasugua kwa brashi kila Jumamosi, najiona mtoto wa tajiri.

Tatizo likaja mama alipohamishwa. Mama alikuwa nesi, na kuanzia Julai alitakiwa kwenye zahanati ya kijiji kimoja mbele kabisa ya Sigino, ambako basi lilipita mara moja kwa siku, tena jioni. Akijua kuendesha, angekwenda asubuhi na kurudi. Asipojua, angehamia nyumba za watumishi awe anakuja kutuona Jumamosi. Nilikuwa na miaka kumi, na nasema bila aibu kwamba usingizi wangu ulikuja nikimsikia mama akiimba jikoni. Mama wa Jumamosi sikumtaka.

Basi kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda Singe, kwenye njia ya vumbi katikati ya mashamba. Baba pembeni, mama kwenye usukani na gauni lake la kanisani, mimi nyuma. Jamani, mama aliteseka. Usukani ulikuwa mgumu mpaka akawa anainuka kwenye kiti akikata kona. Akiachia klachi, gari linagoma kuondoka, linazima. Likikubali kuondoka, kulisimamisha nako kukawa shughuli. Kwenye makorongo nilirushwa huku na huku kule nyuma, na kichwa changu kikagonga paa. Baba, ambaye mikono yake ilizoea lori, hakuona shida yoyote.

"Mama Neema, mbona gari lenyewe jepesi? Unaliogopa tu."

"Samahani, Baba Neema," mama anajibu, anawasha tena. Neema ndiye mimi. Nadhani mama aliomba samahani mara ishirini kila Jumapili, na mimi huko nyuma nilikuwa nazihesabu kwa vidole.

Jumapili ya tatu alikanyaga breki kabla ya kona, gari likaendelea na safari yake, tukaingia shambani kwa watu na kulaza mistari miwili ya mahindi, pamoja na mbaazi zilizokuwa katikati. Mwenye shamba, mama mmoja aliyekuwa akichuma mboga, alitukodolea macho. Mama akashuka, akamwamkia, akamwomba radhi, akamsaidia kuinua mabua yaliyokubali kuinuka. Kisha akavua viatu vyake vya kanisani, akavishika mkononi, akaanza kutembea kurudi nyumbani. Baba alimfuata polepole na gari, akimwita dirishani. Hakupanda.

Jioni nilimkuta akifunga godoro kwa kamba. "Mwanangu, mimi si mtu wa magari," akaniambia. Na mimi nikamwamini. Hilo linaniuma mpaka leo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, lakini sikumwambia kwamba anaweza, kwa sababu nilidhani kweli hawezi.

Ijumaa iliyofuata tairi moja la nyuma likapata pancha. Baba akafunga spea, ambayo ilikuwa moja ya yale matairi ya zamani, na tukaenda kwa Bura, fundi pancha wa jirani, kijana mwenye maneno mengi. Bura akaliziba lile tairi pana. Halafu akaona matairi mawili ya nyuma hayafanani, akatabasamu, akainua nyuma ya gari kwa jeki.

"Neema, zungusha hili la zamani. Haya, lisimamishe."

Nikalizungusha, nikalisimamisha kwa kiganja. La upande wa pili nililisukuma kwa mikono yote miwili ndipo likaanza kwenda, na nilipojaribu kulisimamisha likanivuta nusura nianguke.

"Mzee, mzigo ukiwa ndani ya gari, springi zinaubeba," Bura akamwambia baba. "Uzito wa tairi uko chini ya springi. Kila shimo, unapiga kama nyundo. Injini ihangaike kuuzungusha, breki ihangaike kuusimamisha, usukani uhangaike kuugeuza. Wewe una mikono ya lori, huwezi kusikia. Mama Neema je?"

 Baba akakaa juu ya tairi bovu, akitazama mikono yake. Mwisho akasema lile tairi lililozibwa libaki hapo kwanza.

Asubuhi ya Jumamosi akayatoa matairi ya zamani stoo na kuyafunga, mimi nikimshikia nati kwenye bakuli. Mama alipouliza, baba akamjibu kwamba pancha ni mbaya, Bura imemshinda, tutumie haya kwa muda. Nilishtuka. Mzee wa kanisa, anadanganya mchana kweupe! Nilinyamaza, lakini dhambi ile nilimwandikia.

Akambembeleza mama ajaribu mara moja ya mwisho. Mama akaondoka bila kuzima. Akakata kona akiwa amekaa. Kwenye makorongo tulitikisika tu kidogo, na alipokanyaga breki, gari likasimama pale alipotaka lisimame. Akacheka, akawasha, akaenda mpaka Sigino na kurudi. Godoro likafunguliwa jioni ileile, na Julai mama akawa anakwenda na kurudi.

Yale mapana hayakufungwa tena. Ilikuwa "kwa muda" miaka yote, mpaka kuku wakataga ndani yake. Mimi nilimwona baba mwongo, na mvivu juu yake. Nilikuja kuelewa nikiwa nimeshaolewa, nikiwa na mume ambaye naye samahani humkwama kooni. Kumbe baba alikuwa amemwomba mama samahani, kwa jeki na spana, kwa kuwa kwa mdomo hakuweza.

Mwaka jana, tukimenya viazi na mama, nikaona sasa nimweleze siri ile ya pancha. Hakusimamisha hata kisu.

"Jumatatu yake nilipita kwa Bura," akasema. "Nikalikuta limezibwa, limejaa upepo."

Nikamuuliza mbona miaka yote hiyo hakumwambia baba kwamba anajua.

"Ningemwambia," akasema, akichukua kiazi kingine, "angeyarudisha yale mapana."