Mluzi wa Mfugaji wa Zuzu

Juzi jino lilinikalisha kwenye benchi la kliniki ya meno, mimi bingwa wa miluzi Majengo nzima. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, mfugaji mzee wa kijiji cha Zuzu, aliyezaliwa na mdomo uliopasuka hadi kaakaa, alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Nimechelewa kushonwa?" mzee akauliza.

Daktari akampima uso kwa pembeni. "Hapana, mzee. Taya limekua vizuri, halikurudi nyuma. Tutashona mdomo, kisha kaakaa."

"Nitapiga mluzi? Ng'ombe nawaita kwa makofi."

"Utajaribu."

Alipotoka nikamchokoza: "Shikamoo mzee! Ng'ombe wakisikia mluzi si watadhani umewauza?"

Akacheka, kiganja kikashuka. "Marahaba. Basi nifundishe."

Nikakunja midomo kwa mbwembwe. Jino likanichoma, ikatoka pumzi tupu. Mzee akapiga makofi yake ya ng'ombe, nami nikamsogelea.