Mpakia Mbuzi Aliyekataa Kusema Hana Ngamia

"Abdille, hao ngamia wako arobaini wanalala wapi? Chini ya kitanda?"

Swali hilo liliulizwa na jirani yake, Siyad muuza chai, mwanzoni mwa mwaka jana, mbele ya wateja wote. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Abdille hakucheka. Alikuwa ametoka ofisi ya wadi, kuangalia orodha ya waliopewa basari, msaada wa karo, iliyobandikwa ukutani. Jina la binti yake, Leyla, halikuwamo.

Leo, saa moja asubuhi, Abdille yuko kazini katika soko la mifugo la Garissa, kopo la rangi nyekundu mkononi. Anamshika mbuzi, anampaka alama mgongoni, kisha anamnyanyua na kumpitisha juu ya ubao wa lori. Mwenzake aliye juu anampokea.

"Huyu kelele nyingi, nyama hana," anasema Abdille, na kumfuata mwingine.

Ana miaka hamsini na miwili. Kwa kila mbuzi anayempakia hulipwa shilingi kumi. Siku ya mnada hupata kama mia saba; siku nyingine mia mbili, au hurudi mikono mitupu. Ngamia wake wanne walikufa wote katika ukame wa mwaka 2022, huko kijijini kwao Diff, ndipo akahamia mjini na mkewe, Barwaqo, na watoto watano.

Basi hao arobaini walitoka wapi?

"Fomu ilitaka idadi ya ngamia," anaeleza. "Nikawaza. Ndugu zangu huko Diff wanao, na alama ya moto iliyo shingoni mwao ni ile ile ya babu yangu. Sasa mimi niandike hakuna? Nitakuwa nimejitoa katika ukoo. Nikaandika arobaini. Wallahi, nilipunguza!"

Mwenye ngamia arobaini hapewi basari. Leyla, aliyekuwa ameitwa chuo cha utabibu wa mifugo, akakaa nyumbani mwaka mzima akikaanga sambusa na mama yake. Chuo kilikubali kumwekea nafasi mara moja tu. Asipolipiwa shilingi elfu tisini kabla ya Januari hii kwisha, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Mwezi wa Novemba baba na binti walirudi mbele ya kamati. Safari hii waombaji walihojiwa ana kwa ana. Njia nzima Leyla alimbembeleza: "Aabo, sema huna. Neno moja tu."

Mwenyekiti, afisa aliyehamishwa kutoka Nyeri, akauliza, "Mzee, una ngamia?"

"Iko," akajibu Abdille.

Leyla akafunika uso kwa mtandio.

"Basi uza mmoja ulipe ada."

"Hiyo haiwezekani. Si ya mimi kuuza."

Chumba kikaangua kicheko. Ndipo mjumbe mmoja wa kamati, Faduma, mama mwenye duka la nguo, alipomgeukia Abdille. Alizungumza Kiswahili ili mwenyekiti naye asikie.

"Abdille, leo umekunywa chai ya maziwa?"

"Nimekunywa."

"Maziwa ya wapi?"

"Ya duka. Pakiti."

"Ngamia iko, na wewe unakunywa pakiti?"

"Iko Diff."

"Mara ya mwisho uliiona lini?"

Abdille akahesabu vidole. "Miaka tatu."

"Mwenyekiti, andika hana," akasema Faduma. "Yeye hatasema hata ukimfunga. Kwetu, mwanamume kusema hana ngamia ni kama kusema hana baba."

Mwenyekiti akaandika sufuri. Abdille akachungulia karatasi. "Hiyo umeandika wewe," akamwambia. "Si mimi."

Kamati ilimpa Leyla elfu thelathini. "Nilipiga kelele mpaka askari wa langoni akaja mbio," anasema Leyla. Zikabaki elfu sitini, na sambusa haziwezi kuzileta.

Lakini habari ilikwisha kufika Diff: Abdille amesimama mbele ya serikali na kukataa kuukana ukoo. Wiki iliyopita lori la huko liliingia sokoni likiwa na ngamia dume mchanga. Aliyemleta ni Awil, binamu yake Abdille, kwa niaba ya ukoo. Kabla ya adhuhuri ngamia alikuwa ameuzwa elfu sitini na tatu.

"Nilimpakia mimi mwenyewe kwenye lori la mnunuzi," anasema Abdille, machozi ya kicheko yakimtoka. "Na sikudai malipo ya kupakia. Alhamdulillah."

Leyla anaondoka Jumatatu. Baba yake amekwisha kumchagulia mahali pa kuweka meza ya dawa, kando ya uzio, penye kivuli.

"Mbuzi hufa ndani ya lori kwa sababu hapa hakuna wa kuwaangalia," anasema. "Miaka mitatu tu, inshallah. Yeye atapima kwanza, ndipo mimi nipakie."

Barwaqo ndiye anayesimulia jinsi fedha zilivyofika nyumbani. Awil aliingia, akamwekea Leyla mapajani kitambaa kilichofungwa fundo. "Kasome," akamwambia.

Chai ilikuwa tayari. Leyla, msichana wa shule, akauliza kwa adabu, akimwita ami: "Adeer, tutakurudishia lini?"

Awil alimtazama binti, kisha akamtazama Abdille, kama anayemuuliza ni nani aliyemfundisha mtoto huyu kwamba ngamia wa ukoo ni deni. Akaokota fimbo yake na kutoka, chai bila kuionja.