Mashine Kama Cherehani

Mashine ya baba ya kukatia nakshi niliiua mimi, kwa mfuniko wa sufuria ya mama. Ligi yetu ya mtaani haikuwa na kombe, nikaona nilichonge mwenyewe. Mashine imezoea mbao laini, mimi nikailisha bati. Ikalia, ikatoa moshi, ikanyamaza. Mama aliulilia mfuniko wake. Baba aliifunika mashine kwa shuka kama maiti, na hapo ndipo nilipoogopa.

Alikuwa na kazi ya marfaa kumi na mbili, vile vibao vya kukunja vya kuwekea Msahafu, kwa ajili ya watoto wa madrasa ya jirani wanaokaribia kuhitimu. Kila kimoja kinajazwa nakshi ya vitundu vidogo kama punje za mtama. Kesho yake akatoa hukumu.

"Twende Kariakoo. Tukipata mashine, nakata mimi. Tukikosa, unakata wewe, kwa msumeno wa mkono, mpaka cha mwisho. Na shule unaenda."

Sijawahi kuombea ununuzi kama siku ile.

Shida ni kwamba hiyo mashine hatujui jina lake. Nyumbani tunaiita mashine, basi. Hatujamaliza hata mtaa mmoja, winga, dalali wa mtaani, akatudaka. Winga hana duka wala bidhaa. Ana miguu na uhakika.

"Shikamoo mzee wangu. Mnachotafuta kipo."

"Marahaba. Hujaambiwa, ushasema kipo?"

"Mzee, hii Kariakoo! Wewe taja tu."

"Mashine ya mezani, kama cherehani. Ila penye sindano pana wembe wa msumeno."

"Hiyo tu? Nifuateni."

Tukamfuata. Ngazi, korido, mapazia, ngazi tena, mpaka ghorofa ya tatu, kwenye duka la vyerehani. Vitupu. Vimepangwa hadi darini.

"Si umesema kama cherehani?" winga akajitetea.

"Nimesema *kama*!"

Nikacheka. Baba akanigeukia, nikaacha.

Winga wa pili akatuletea jigso, msumeno wa umeme wa kushika mkononi. "Na hii inakata, mzee."

"Hata panga linakata," baba akamjibu, tukaondoka.

Duka la tatu lilikuwa la zana kweli, na muuzaji wake alisikiliza mpaka mwisho. "Kaeni hapo, naileta sasa hivi." Kwa Kariakoo maana yake ni kwamba hana, anaikimbilia kwa mwenzake. Tukakalia maboksi ya misumari. Adhuhuri ikaadhiniwa, baba akaenda kuswali, akarudi, mimi bado nimekaa, makalio yamekufa ganzi. Hatimaye jamaa akatokea, mashine begani. Yenyewe! Ningekuwa peke yangu ningeibusu.

Pale mali ikishavuka mlango hairudi, kwa hiyo unajaribu kwanza. Baba ana kipimo chake: anasimamisha sarafu kwa ukingo juu ya meza ya mashine, kisha anawasha. Sarafu ikianguka, mashine inatetemeka, haifai. Akawasha. Sarafu ikasimama wima kama askari wa gwaride. Baba akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba wa mfuniko.

"Si nilikwambia, mzee?" akasema muuzaji, ambaye hakuwa amemwambia chochote.

Mimi nikainama nitazame pale wembe unaposhikwa. Bora ningebaki nimesimama zangu! Ilikuwa inashika nyembe zenye pini ya kukingama nchani, basi. Nakshi ya ndani unatoboa tundu kwanza, unapenyeza wembe, ndipo unakata, na pini haipiti kwenye tundu la punje ya mtama. Lazima utoboe tundu la kunde, na nakshi yote inageuka chujio. Baba hakuona, miwani aliiacha nyumbani. Muuzaji aliniona nimeona.

"Dogo," akaninong'oneza, "mwache mzee afurahi."

Nikafikiria vidole vyangu. Nikafikiria marfaa kumi na mbili. Nikakaa kimya kama sekunde tano, na walimu wangu watakwambia hiyo ni rekodi.

"Baba, hii inataka pini."

Akazima. Akapapasa kwa kidole, akaguna. "Isiyo ya pini hamna?"

"Ipo, mzee. Kontena liko bandarini."

Kila kisichokuwepo Kariakoo kiko bandarini. Tulipokuwa tunatoka, muuzaji akanisindikiza kwa maneno: "Dogo, una roho mbaya wewe."

Tulirudi mikono mitupu, na sasa niko kwenye marfaa ya tatu. Baba anachora, mimi nakata kwa msumeno wa upinde, nikitoka shule, vidole viwili vina plasta. Jana nilimpelekea hiyo ya tatu nikiwa najisikia fundi. Akavaa miwani, akaiinua dirishani mwanga upenye, akaizungusha taratibu, vitundu vyote vile, akaweka kidole kwenye kimoja.

"Hiki kimepinda."

"Baba, nani atakiona?"

"Wewe umekiona?"

Nilikuwa nimekiona. Nikachukua kibao kipya.