Saumu za Bi Zayana

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Alkhamisi moja ya joto mjini Maskati. Nilikuwa nimeketi mkekani na kikombe cha maji ya zafarani mkononi, siwezi kukinywa, siwezi kukirudisha. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa Mkatoliki pekee katika nyumba ile, mwanafunzi wa chuo ambacho sikupata kukiona hata mlango wake, na mwongo wa miezi minane. Nakupa habari ya kikombe hicho kwa sababu nasikia unaanza chuo mwaka huu, na mama yako ananiambia kwamba ukikosa alama moja hulali. Basi nakujua. Nilikuwa wewe.

Sisi ni Wagoa wa Unguja. Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kanzu za nyumba ya Bi Zayana, bibi mmoja Mwarabu, zote zilipita mikononi mwake. Mwaka wa sitini na nne mambo ya Unguja yalipogeuka, kila mtu alishika njia yake. Mama na mimi tulikwenda Mombasa kwa shangazi. Bi Zayana na wanawe wakarudi Maskati kwa wazee wao. Haukupita mwaka ikaja barua yake: huku shule ya wasichana hakuna, wajukuu zangu wanakua kama mbuzi, nileteeni Mena awasomeshe. Mena ndiye mimi, Filomena.

Nilikwenda kwa furaha, kwani Mombasa shangazi alikuwa ameshaniwekea cherehani yangu pembeni mwa yake, na mimi sikutaka kushona. Nilitaka kuwa mwalimu. Nilikuwa nimejiandikisha katika chuo kimoja cha ualimu kilichofundisha kwa posta. Vijitabu vilikuja kwa meli, mara nyingine vimelowa chumvi. Nilijisomea, nikajibu maswali, nikatuma, nikangoja wiki nyingi kurudishiwa kazi yangu na wino mwekundu juu yake. Tone la wino likidondoka kwenye ukurasa, niliuandika upya wote. Kuna insha moja niliinakili mara tano. Nilidhani huko ndiko kuwa hodari.

Asubuhi niliwasomesha wasichana watatu wa nyumba ile. Alasiri nilipanda juu ya dari na vijitabu vyangu. Jumapili kule ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, basi kabla watu hawajaamka nilijifungia stoo, katikati ya magunia ya mchele na mapipa ya tende, nikasoma sala za Misa peke yangu katika kitabu cha baba. Padri alikuja mara moja moja kutoka ng'ambo, akasalisha Misa kwa Wakatoliki wachache waliokuwapo, katika nyumba ya karani mmoja Mgoa huko Matrah. Mpaka aje, dhambi zangu niliziweka katika daftari dogo. Nimesinzia katika rozari. Nimemkasirikia Zuwena. Nimefurahia alama zangu kupita kiasi. Kila jioni niliandika, mwanangu, nisije nikasahau hata moja.

Sasa sikiliza mtego ulipokuwa. Siku zile Wakatoliki hatukula nyama siku ya Ijumaa, maana ni siku aliyoteswa Bwana wetu. Na katika nyumba ile Ijumaa ndiyo ilikuwa siku kubwa. Wanaume wakirudi kuswali, sinia la pilau ya mbuzi lilikuwa tayari. Kwao siku ya furaha, kwangu siku ya majonzi, na sote mikono kwenye sinia moja.

Ijumaa yangu ya kwanza Bi Zayana aliuchagua mnofu mzuri kuliko yote kwa mkono wake mwenyewe, akauweka upande wangu. "Kula, mwana wa fundi. Baba yako alinivisha, miye nikulishe." Wasichana wote wananitazama. Ningesema neno moja tu. Badala yake nilishika tumbo nikasema, "Samahani, Bibi, tumbo linaniuma."

Kwa nini? Niliogopa wangeona naidharau siku yao. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu nyingine sikuijua mpaka baadaye: nilikuwa nimesoma kwamba afungaye hajionyeshi kwa watu, nikajiona kama mtakatifu mdogo anayeteseka kwa siri. Nikaufunika uongo kwa shuka ya dini. Ijumaa ya pili tumbo likaniuma tena. Na ya tatu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi yangu niliirefusha miezi minane.

Bi Zayana alikuwa mtu wa dawa. Alinipa tangawizi, akanipa mvuje, akanipa shubiri chungu mpaka macho yakanitoka machozi. Nilikunywa zote, nikajiambia kuwa ndiyo toba yangu. Zuwena, mjukuu wake mkubwa, alikuwa na miaka kumi na mitatu na ulimi wa miaka arobaini. Siku moja Ijumaa tukiwa tumeketi akasema mbele ya watu, "Bibi, Mwalimu ana jini. Jini lenyewe lina kalenda! Ijumaa pilau halitaki, Jumamosi kiporo linakomba."

Wenzake walicheka mpaka wakaanguka. Bi Zayana hakucheka. Kuanzia siku ile neno la jini likaingia katika nyumba. Ugonjwa unaokuja kila Ijumaa, tena saa ya kutoka msikitini, si ugonjwa wa tumbo.

Mwanawe Seif, baba yake Zuwena, alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa lawama. Nilimsikia akimwambia mama yake, "Mama, huyu ni mtoto wa watu. Likimkuta jambo mikononi mwetu, mama yake tutamwambia nini? Kuna meli Jumamosi. Arudi kwao akatizamwe."

"Mpe wiki hii," alisema Bi Zayana. "Ntamwita maalim amwandikie kombe. Asipopata nafuu, atakwenda."

Wiki sita zilikuwa zimebaki kabla ya mtihani wangu wa mwisho. Chuo kilikubali karatasi ziletwe na padri atakapokuja, naye akae nami mpaka nimalize. Nikipanda meli ile, mtihani umekwenda, na shangazi ananingoja na cherehani. Wasichana nao wangebaki bila mtu wa kuwashikisha kalamu. Usiku mzima niliomba. Niliomba nini? Nilimwomba Mungu ausimamishe uongo wangu usianguke! Ona mtu mwenye kuogopa kosa anakoweza kufika.

Basi ikawa ile Alkhamisi. Maalim alikuwa ameandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, Bi Zayana akaiosha kwa maji ya waridi, akanimiminia kikombeni. Maji mengine yakamwagika mkekani. Nikakipokea kikombe. Nikajiambia: ukikinywa, kesho ule pilau, useme umepona, mambo yaishe, na nyama hiyo utaiandika kwenye daftari. Ukisema kweli, watakutoa kama mwongo, na meli ni keshokutwa.

Nikamwomba Zuwena amsaidie bibi yake kuketi, maana nilimwona ameshika ukuta. Nikamwambia, "Mpe maji anywe."

"Hanywi," alisema Zuwena, na safari hii hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Amefunga. Kila Jumatatu na kila Alkhamisi, mwezi wa pili huu. Anafunga kwa ajili ya tumbo lako."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na sijapata kusikia neno zito kama hilo. Bibi mtu mzima, katika joto la Maskati ambalo hata kunguru hufungua mdomo, alikuwa akikaa na njaa na kiu mara mbili kila wiki, anamwomba Mola wake aniondolee maradhi ambayo hayakuwapo. Mimi nilifunga nyama peke yake, na kwa hiyo nikajiona mtakatifu. Katika daftari langu lote, kurasa kwa kurasa za kusinzia na kukasirika, uongo wa tumbo haukuwamo hata mstari mmoja.

Nikakiweka kikombe chini, taratibu, kisimwagike. Nikasema, "Bibi, siumwi. Sikupata kuumwa hata siku moja. Dini yangu inanizuia nyama siku ya Ijumaa. Niliona haya kukwambia."

Alikaa akinitazama mpaka nikatamani anipige. Kisha akasema, "Toka siku ya kwanza?"

"Toka siku ya kwanza, Bibi."

"Na shubiri yangu ukainywa?"

"Nikainywa."

"Alaa! Weye mtoto weye!" Akapiga mapaja yake kwa viganja viwili. "Watu husema mficha maradhi kilio humfichua. Weye umeficha uzima! Si ungesema? Maskati yote hii imezungukwa na bahari, samaki wanatupa majini kwa wingi wake, ningekosa nguru mmoja wa kukupikia? Ulidhani nnakuleta nyumbani kwangu nikutoe katika dini ya baba yako?"

"Niliogopa ningekuvunjia siku yako, Bibi."

"Siku yangu haivunjwi na mtu kula samaki. Siku yangu umeivunja kwa kunifanya nimlilie Mungu kwa jambo la uongo." Hapo mimi nikalia kilio ambacho sijui kilitoka wapi. Aliningoja nimalize. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya ndizi, "Sasa hizi saumu zangu nizipeleke wapi?"

Nikapangusa uso, nikainama.

"Huo mtihani wako ni lini?"

"Baada ya wiki sita."

"Basi tuzielekeze huko. Nnaendelea kufunga mpaka uufanye. Lakini sikiliza, Mena: ukishindwa, utakuwa umenitia njaa bure."

Meli ya Jumamosi ikaondoka bila mimi. Lakini kabla yake, Ijumaa, kesho ya kikombe kile, sinia lilikuja na pilau ya mbuzi upande mmoja na kipande cha nguru wa kukaanga upande wangu. Zuwena akainama juu ya samaki akanong'ona, "Jini, umeridhika?" Nikala mpaka nikalamba vidole. Tumbo, kwa mara ya kwanza siku ya Ijumaa, halikuniuma.

Padri alipokuja, Bi Zayana hakuniachia niende peke yangu Matrah. Alivaa buibui lake, akaketi na mke wa karani kwenye baraza ya ndani wakati wa Misa, wakazungumza habari za Unguja kwa sauti ya chini. Nilipoungama nilitaka kumsomea padri daftari zima. Akanizuia, akaniuliza ni lipi linaniuma kuliko yote. Nikamweleza la tumbo na la saumu. Akaniambia, "Hilo moja ni dhambi, na umekwisha kulitubu. Hayo mengine mengi ni hofu. Hofu usiiletee hapa kwa daftari. Ilete kwa sala."

Siku ya mtihani ilikuwa Jumatatu. Niliandika mezani kwa karani, padri ameketi upande wa pili anasoma kitabu chake cha sala, na kwenye baraza bibi mwenye saumu anavuta tasbihi. Katikati ya ukurasa wa pili tone la wino likadondoka, kubwa kama punje ya mtama. Mkono wangu ukasimama. Karatasi nyingine hakuna. Nikasikia pale nje Bi Zayana akikohoa kile kikohozi kikavu cha mtu asiyekunywa maji tangu alfajiri. Nikalipita lile tone nikaendelea.

Nilifaulu. Si kwa alama za juu, na hilo nakwambia makusudi. Mwaka wa sabini nchi ilipofunguka na shule za wasichana zikaanza, nilikuwa miongoni mwa waliosimama mbele ya ubao siku za mwanzo, na Zuwena aliketi mstari wa mbele, ulimi wake haujapungua. Na ile sheria ya nyama, haikupita muda wakubwa wa Kanisa waliilegeza. Sheria ya uongo hakuna aliyeilegeza mpaka leo.

Basi shika haya, mwanangu. Huko chuoni utakaa na watu wa kila dini, na wengine wasio na dini. Imani yako usiitangaze kwa tarumbeta, wala usiifiche kama kitu cha wizi. Iseme kwa upole mara moja, siku ya kwanza, ndipo wenzako wajue wakupikie nini. Mficha uchi hazai. Ukikosea, kosea mbele ya watu, uinuke mbele yao. Usiitafute karatasi isiyo na tone. Hiyo haijaandikwa bado na mwanadamu. Kaza mwendo, maliza ulichoanza, na kila jioni kabla hujahesabu makosa yako madogo, jiulize ni nani leo amebeba mzigo kwa sababu hukumwambia kweli.

Bi Zayana ametangulia mbele ya haki. Zuwena sasa naye ni bibi wa watu, na kila Ijumaa bado ananiletea samaki, ingawa anajua vizuri kwamba siku hizi ningeweza kula mbuzi. Hatuulizani.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akusimamishe pale utakapotetemeka, aulinde mdomo wako usione haya kusema kweli, akupe rafiki wa kukuombea hata asiyesali kama wewe. Na wewe usimtie njaa bure.