Boliti Zilizogeuka Tarehe

Saa moja kasorobo asubuhi, katika ghala la vifaa vya ujenzi kusini mwa Milwaukee, Marekani, Darlene Gruszka anashuka ngazi kinyumenyume, taratibu, kama mtu anayeondoka mbele ya mfalme. Mkononi ana boliti nne. Magoti yake yanalia kiasi kwamba dereva wa foklifti, Otis Hargrove, anayasikia akiwa mlango wa pili.

"Mama, hayo magoti yatie grisi!"

"Anza na huo ulimi wako," anajibu Darlene bila kugeuka.

Darlene ana miaka hamsini na sita. Kwa miaka ishirini na miwili amepanda na kushuka ngazi hii, kwa mshahara ambao sasa umefika dola ishirini na moja kwa saa. Mwekee boliti kiganjani akiwa amefumba macho, atakutajia ukubwa wake, na ukimkalia vibaya atakutajia na ukoo wake. Lakini daktari amesema wazi: kabla mwaka haujaisha, ngazi basi.

Kwa hiyo nafasi ya msimamizi wa stoo ilipotangazwa Januari, kazi ya kukaa kwenye kiti kwa dola ishirini na tisa, ghala zima lilijua ni yake. Kisha wakasoma mstari wa tatu: mwombaji lazima awe na ujuzi wa lahajedwali, ile programu ya kompyuta ya kupanga orodha na hesabu kwa safu.

"Lahajedwali si ule ugonjwa wa ngozi?" aliuliza Otis. "Paka mafuta, utapona."

Darlene hakucheka. Siku mbili nzima alipekua matangazo ya kazi ya jiji zima. Kiwanda cha jibini kilitaka lahajedwali. Kliniki ya meno ilitaka lahajedwali. Kampuni ya kukodisha mahema ya harusi, vilevile.

"Nikafika kwenye makaburi," anasimulia. "Mtunza makaburi, awe na ujuzi wa lahajedwali. Nikasema haya, sasa hata maiti wanapangwa kwa safu."

Akajiandikisha darasa la bure maktabani, Jumamosi asubuhi, wiki kumi.

"Siku ya kwanza nilimwita mwalimu mara kumi na nne. Ya kumi na tano alikuja mwenyewe kabla sijamwita."

Wiki ya tatu yakamkuta makubwa. Aliandika ukubwa wa boliti, 3/8 ya inchi. Kompyuta, ambayo kwa Kimarekani hutanguliza mwezi kabla ya siku, bila haya ikaandika Machi 8. Akaandika 1/2. Ikaandika Januari 2.

"Nikafuta, nikaandika tena kwa nguvu. Machi 8 ileile! Nikamwambia mwalimu, mashine hii haijawahi kushika boliti maishani mwake."

Mwalimu akamfunulia siri: kwanza iambie safu kwamba yatakayoandikwa humo ni maandishi. Usipoiambia, kila ikiona mkwaju, ule mstari wa kuinama, kati ya namba mbili itadhani ni kalenda.

Siku ya mtihani wa nafasi ile, waombaji walikuwa watano. Meneja, Kristin Vandersloot, aliwapa orodha ya boliti mia mbili waziingize kwenye lahajedwali na kuzipanga kuanzia ndogo hadi kubwa. Vijana wanne walichapa kama mvua ya mawe. Darlene alitumia vidole viwili. Alianza kwa kuiweka sawa safu yake, kisha pembeni akaongeza safu ya desimali, ambazo anazijua zote kichwani, ili boliti zipangike kwa ukubwa.

Vijana walimaliza kwa dakika arobaini. Kristin akainamia kazi ya kwanza.

"Hii Mei 8 ni boliti gani?"

Kijana mwenye shahada aliitazama skrini kwa huzuni kubwa. "Labda... ndiyo siku iliyofika?"

Wale watatu wengine walianza kufuta kimyakimya.

Darlene alimaliza baada ya saa moja na dakika kumi. Kristin akaisoma kazi yake mstari kwa mstari.

"Darlene, umekuwa wa mwisho."

"Najua, mwanangu. Ila boliti zangu hazina siku ya kuzaliwa."

Meneja, mwanamke anayeheshimika sana, alilaza kichwa mezani akacheka hadi machozi. Jioni ile Darlene alipewa kazi. Anaanza Jumatatu, na hii ni wiki yake ya mwisho kwenye ngazi.

Tayari ana mpango. Kila Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, atafundisha lahajedwali kantini. Saba wamejiandikisha. Otis amejiandikisha kwa penseli, ili aweze kukana.

Na kwa kuwa mtu wa kushika nafasi yake lazima atafutwe, Darlene ameomba aandike tangazo mwenyewe. Amelikunja mfukoni, analitoa, analisoma kwa sauti ya hakimu:

"Anatakiwa mtu anayezijua boliti. Lahajedwali tutamfundisha hapahapa. Donati zipo."