Wakubwa wa Chini ya Kumi na Nane

Juzi nilikwenda kwenye kiwanja cha barafu hapa Maskati kurudisha viatu vya kutelezea alivyoazimwa mwanangu, ambaye sasa yuko nje anasoma. Mbele yangu kwenye kaunta alikuwepo bibi mmoja, amevaa buibui na glavu za sufu, akimwandikisha mjukuu wake wa kike kwenye hoki ya barafuni.

"Mtie kundi la wakubwa," alisema.

"Sawa bibi, chini ya kumi na nane," akajibu karani, binti kutoka Uganda.

"Mimi nnakwambia wakubwa, we unanipa wa chini!"

Karani akacheka, akapandisha kiganja hewani kama anayepanda ngazi: chini ya kumi, chini ya kumi na mbili, mpaka kikafika kidevuni. "Hapa ndiyo juu kabisa. Msimu ukianza hajatimiza miaka kumi na nane, atacheza mpaka uishe."

"Na juu ya hapo?"

"Hakuna kundi, bibi. Huu ndio msimu wake wa mwisho."

Bibi akavua glavu moja, akaikunja taratibu.

"Kila Ijumaa nnakaa pale kwenye viti natetemeka. Nikidhani nnamsindikiza yeye." Kisha akashusha sauti: "Mtu asiye na mtoto humu, anaruhusiwa kuja kutazama?"

Nimezoea kuzilalamikia kaunta za mji huu. Safari hii, zamu yangu ilipofika, niliuficha mfuko wa viatu nyuma ya kanzu, nikauliza mazoezi ya Ijumaa yanaanza saa ngapi.