Chenga Walivyorekodi kwa Bi Samia

Apolonia Maduhu hushona midomo ya magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Kagongwa. Ana miaka arobaini na sita. Fidla alifundishwa na sista mmoja wa parokiani alipokuwa msichana, na leo ana bendi ya watu watatu iitwayo Chenga: yeye, Nkwabi mpiga gitaa, na Lusia, ambaye huimba kama anayekunong'oneza.

Muziki wao ni wa taratibu, wa kusikilizwa kwa karibu. Harusini hawaalikwi mara mbili. Kule Rwamgasa mchimbaji mmoja aliwauliza, "Kwani mnaimbia wagonjwa?" Apolonia alicheka mpaka akakaa chini.

Mahali palipowafaa walipapata kazini kwake, katika ghala la Bi Samia, mwenye mashine. Kati ya magunia yaliyopangwa hadi juu hapakuwa na mwangwi. Ungemsikia hata Lusia akivuta pumzi. Bi Samia akawapa Jumapili moja, mashine ikiwa imezimwa, warekodi nyimbo zao sita.

Jumamosi yakaja malori, yakabeba mpunga wote. Kesho yake Nkwabi aligusa uzi mmoja tu, ghala likavuma kama tangi tupu.

"Basi tena," akasema Lusia, machozi yakimlengalenga.

Apolonia akaweka fidla chini, akatoka. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba magodoro na mablanketi. "Na ninyi wenyewe mje," akawaambia majirani. "Watu wakijaa, mwangwi unapungua. Ila mtu asikohoe!"

Wakaja, magodoro vichwani, wakayaegemeza ukutani. Watu kama arobaini wakaketi sakafuni, Bi Samia katikati yao. Nkwabi akajaribu tena gitaa. Sauti ikatulia.

Nyimbo tano zilikwisha salama. Wa sita ulikuwa wa kubembeleza mtoto, na humo Bi Samia akajisahau, akaanza kuitikia kwa chini, mdomo umefumbwa. Lusia alimtazama Apolonia kwa hofu. Apolonia akamwashiria aendelee, huku fidla yake ikimfuata Bi Samia polepole mpaka mwisho.

"Jamani, nimewaharibia!" akasema Bi Samia, kiganja mdomoni.

"Umeharibu nini? Wabeja sana, mama," Apolonia akamshukuru, akimkumbatia na fidla mkononi. "Mazoezi ni Jumapili saa tisa. Usichelewe."

Tangu hapo Chenga ni watu wanne, na anayefika wa kwanza ni Bi Samia.